Vidole vinne chini ya ukuta

Maneno haya niliyasema mbele ya wenye nyumba na mafundi waliokusanyika katika ukumbi wa kanisa hapa Moshi, masika yalipokuwa yanaisha. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, na pale watu waliponikatiza kwa maswali nimeyaweka majibu palepale.

Wazee wangu, shikamooni. Bwana Yesu asifiwe. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Mama zangu, mafundi wenzangu, vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kuja.

Kitu nilichokishika hapa ni penseli ya seremala, ile bapa. Nimekuja nayo kwa sababu watu wengi wakisikia habari ya kutengeneza msingi wanafikiria sululu na mifuko ya saruji. Kazi inaanza na hii. Ukiona ufa ukutani, tafuta pale unapoishia, chora mstari mfupi kukata ncha yake, andika tarehe pembeni. Pima upana wake kwa rula, andika. Halafu uache. Usizibe, usipake rangi, usimwite mtu akupigie lipu. Rudi baada ya mwezi. Kama ufa umeuvuka mstari wako, chora mwingine na uandike tarehe. Ukifanya hivyo kiangazi kimoja na masika moja, mhandisi atakayekuja atakuta nusu ya kazi yake imeshafanyika, tena kwa penseli ya bei ndogo kuliko soda.

Mimi sikuanza na penseli. Nilikuwa fundi mwashi kijana, najua kushika mwiko na timazi, na nilidhani hiyo inatosha. Mama mmoja mjane, upande wa Msaranga, aliniita nimtazamie ufa. Ulianzia kona ya dirisha la jikoni ukashuka ngazi ngazi, ukifuata maungio ya tofali mpaka karibu na sakafu. Nikaupanua kwa tindo, nikaujaza saruji, nikapiga lipu, nikapaka rangi ikafanana. Mama akanilipa na kunikaribisha chai. Mwaka uliofuata ufa ukarudi palepale. Safari hii nikaweka wavu wa kuku chini ya lipu, nikamhakikishia kwamba sasa mambo yamekwisha. Akanilipa tena. Mwaka wa tatu mlango wa jikoni ulikuwa haufungi. Fremu ilikuwa imelala upande, na kitasa hakikutana na tundu lake.

Nilichukua fedha ya yule mama mara mbili kwa kazi ambayo haikugusa ugonjwa wenyewe. Bado inaniuma, na ndiyo sababu nimekubali kusimama hapa leo.

Aliyenifungua macho ni mhandisi mmoja aliyekuwa anasimamia ujenzi wa jirani. Aliutazama ule ufa, hakusema habari ya lipu. Aliniuliza swali moja: "Msingi wenyewe umeuona?" Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nimetibu ukuta miaka miwili bila kujua umekanyaga nini.

Tukachimba shimo la kuchungulia kwa nje, kando ya ile kona, pana kiasi cha mtu kuingia na kugeuka. Msingi ulikuwa wa mawe, umejengwa vizuri tu, kina cha futi mbili. Chini yake sululu ikaanza kuzama kama mwiko kwenye ugali ambao haujaiva. Ukatoka udongo mweusi, laini, wenye harufu ya mto, na ndani yake vijiwe vya mviringo, vile vinavyolainishwa na maji. Jirani wa yule mama, mzee mmoja, alikuwa amekaa kwenye kigoda anatutazama tangu asubuhi. Akatuuliza, "Wanangu, mnatafuta nini hapo?" Tukamwambia tunatafuta udongo mgumu. Akasema, "Hapo mtachimba sana. Hapo ndipo mfongo ulipopita. Sisi tukiwa wadogo tulikuwa tunanywesha ng'ombe hapo."

Kwa wale waliokuja kutoka mikoa mingine: mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga, unaoyatoa maji mtoni huko juu na kuyashusha mpaka migombani. Mlima huu umepasuliwa na mifongo kwa vizazi vingi. Baadhi bado inapita maji, baadhi imefukiwa, na juu yake tumekata viwanja na kujenga. Jiko la yule mama lilikuwa limekaa nusu juu ya udongo mwekundu imara, nusu juu ya mfongo uliofukiwa. Kila masika maji yalitafuta njia yao ya zamani, udongo unalainika, kona inashuka kidogo. Udongo mgumu tuliukuta mita 1 na sentimita 60 kutoka juu.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza aanze wapi kuchunguza kiwanja, namwambia apime udongo, na akamuulize mzee wa mtaa. Mashine ya kupimia udongo inatoboa mahali pamoja au pawili. Mzee anajua palipokuwa na mfongo, palipokuwa na shimo la choo, palipokuwa na kisima, palipotupwa kifusi.

Sasa nyufa. Si kila ufa ni wa msingi, na hili nalisema kwa nguvu kwa sababu kuna watu wanatishwa ili watoe fedha. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizosambaa kwenye lipu kama utando wa buibui, mara nyingi ni lipu iliyokauka haraka. Hizo ni za rangi tu. Ufa usiofika milimita 5, ambao haukui, kwa kawaida hauhitaji mtu kuchimba chini ya nyumba. Unaonitia wasiwasi ni ule unaopita tofali lenyewe, unaoonekana ndani na nje mahali palepale, unaokua, na ulio na upana tofauti juu na chini. Tazameni mikono yangu. Hii ni kona ya nyumba. Kona ikididimia, ukuta unafunguka hivi, kwa hiyo ufa unakuwa mpana juu na mwembamba chini. Katikati ya ukuta ikididimia, inakuwa kinyume: mpana chini, mwembamba juu. Ufa wenyewe unakuonyesha ni wapi pameshuka, kabla hujatia sululu ardhini.

Halafu tazama ndani ya ufa kwa tochi. Julai 2007 ardhi ilipotikisika upande wa Gelai na Oldonyo Lengai, mitikisiko ikasikika Arusha mpaka Nairobi. Nilikuwa Arusha wakati huo. Nyumba nyingi nilizoitwa kutazama baada ya hapo, mwenye nyumba alisema ufa umeletwa na tetemeko, nami nikimulika ndani nakuta rangi ya zamani imeingia, vumbi limeganda, buibui ameshajenga. Ufa huo ni wa miaka. Ufa mpya una kingo kali na safi, kama mkate uliovunjwa sasa hivi.

Fundi mmoja ameuliza hapa kuhusu udongo mweusi. Ni swali kubwa. Huku kwenye miteremko, ya Kilimanjaro na hata ya Meru, wengi tumebarikiwa udongo mwekundu wa volkano. Lakini ukishuka tambarare, Moshi na Arusha kote kuna viwanja vyenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Ule unavimba ukilowa na kunywea ukikauka. Kiangazi unapasuka ardhini mpaka mkono unaingia. Nyumba juu yake inapandishwa na kushushwa kila mwaka, na haipandi sawasawa: pembeni mvua inafika, katikati chini ya sakafu haifiki. Ndiyo maana nimesema chora na tarehe. Ufa unaofunguka kiangazi na kujifunga masika unakwambia ni udongo mweusi. Ufa unaopanuka masika na haurudi nyuma, kama ule wa Msaranga, unakwambia kuna maji yanayolainisha udongo au kuuhamisha. Dawa zake hazifanani.

Na miti. Mkaratusi karibu na nyumba, juu ya udongo mweusi, unakunywa maji na udongo unanywea kuelekea mti. Usikimbilie kuukata mkubwa siku moja bila ushauri. Ukiuondoa ghafla, maji yanarudi, udongo unavimba, na nyumba iliyokuwa inashuka inaanza kupandishwa.

Kabla ya kuchimba chochote chini ya nyumba, zuia maji. Tembeeni mitaani siku ya mvua mtaona. Bati halina mfereji, au mfereji upo na bomba lake linamwaga maji yote ya paa kwenye kona moja. Kona hiyohiyo ndiyo ina ufa. Au karo la maji machafu limechimbwa hatua tatu kutoka ukutani. Au bomba la maji limevuja chini ya njia mwaka mzima, na mwenye nyumba anashangaa bili tu. Nimeona nyumba ambazo tulitengeneza mfereji, tukahamisha maji ya paa mbali, tukamwaga zege la kuzunguka nyumba lenye mteremko wa kwenda nje, na ufa ukasimama kwenye mstari wa penseli usisogee tena. Hakuna msingi uliochimbwa. Mhandisi wa kweli atakufurahia ukiishia hapo.

Lakini kuna nyumba ambazo hilo halitoshi. Udongo chini ni dhaifu na utabaki dhaifu, au mtu ameongeza ghorofa juu ya msingi uliojengwa kubeba bati, au jirani amechimba kwenda chini kuliko msingi wako. Hapo ndipo tunatia msingi chini ya msingi. Tunachukua uzito wa ukuta kutoka kwenye udongo mbovu na kuupeleka chini kwenye udongo mzuri, ukuta ukiwa umesimama, mara nyingine watu wakiwa wanaishi ndani.

Fikirini uzito wenyewe. Ukuta wa tofali za inchi 6, urefu wa mita 3 kwenda juu: kila mita moja ya ukuta ni karibu kilo 900 za tofali peke yake. Ongeza lipu, mkanda wa zege, mbao, bati, umepita tani moja. Ukuta wa mita 10 ni zaidi ya tani 10, na wewe unataka kuondoa udongo chini yake. Inawezekanaje? Inawezekana kwa sababu ukuta mzima unaweza kujishikilia juu ya pengo dogo. Tofali zinaegemeana kama tao, uzito unakwenda kushoto na kulia. Pengo la mita moja ukuta unalivumilia. Likifika mita 2, ukuta wa kawaida unaanza kulalamika. Likifika mita 3, anayelipa ni mtu aliyeko chini.

Kwa hiyo tunagawa ukuta vipande vya mita moja, pengine mita moja na ushee kidogo kama ukuta ni mzima na udongo umekaa vizuri. Tunaviandika kwa chaki: 1, 3, 5, 2, 4, halafu tunarudia 1, 3, 5, 2, 4 mpaka mwisho wa ukuta. Kwanza tunachimba zile namba 1 tu. Tazama: kati ya namba 1 na namba 1 nyingine kuna vipande vinne ambavyo havijaguswa, vinabeba. Zikishamwagwa na kukaza, tunakwenda namba 2, kisha 3, hivyo hivyo. Hakuna wakati hata mmoja ambapo vipande viwili vinavyopakana viko wazi. Kijana akikwambia amechimba namba 1 na 3 iliyo jirani kwa sababu udongo ulikuwa mzuri, mtoe kwenye shimo.

Kila kipande kinachimbwa kwa nje kwanza, halafu kinaingia chini ya msingi. Pembeni unaweka mbao na kuzikaza kwa miti, hasa shimo likipita mita moja na robo au udongo ukiwa wa kifusi. Usimwamini udongo uliosimama wima asubuhi. Saa nane mchana jua limeukausha, na unaanguka bila kupiga kelele. Ukifika chini, pasafishe kwa mkono. Udongo uliolegezwa na sululu utoke wote. Halafu inua kichwa utazame chini ya msingi wa zamani: mawe yaliyolegea yatoke, udongo ulioganda usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka uone jiwe. Zege la moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji, mchanga na kokoto, limwagwe siku hiyohiyo. Shimo la namna hii halilali wazi. Mvua ya usiku mmoja inakurudisha mwanzo, au inakumalizia ukuta. Ubavuni acha nondo za milimita 12 zikitokeza, zishikane na zege la kipande cha jirani kitakapofika zamu yake.

Na sasa nimefika kwenye jambo lililonileta. Zege hilo usilifikishe juu. Liishie vidole vinne chini ya msingi wa zamani, sentimita 7 na nusu hivi. Wengi hapa wanashangaa: kwa nini tuache pengo, si ndiyo tumekuja kuziba pengo? Kwa sababu zege likikauka linanywea na kukaa. Ukilijaza mpaka juu likiwa bichi, kesho limeshuka kidogo, labda unene wa karatasi chache, na ukuta hauligusi. Umejenga nguzo nzuri ya zege chini ya nyumba na haibebi chochote. Ukuta utashuka tena mpaka uifikie, na katika kushuka huko ufa wako unarudi. Nimefukua kazi za namna hiyo. Zege zuri kabisa, na katikati ya zege na msingi unapitisha ubao wa rula.

Ukishaliacha zege likae, angalau siku moja, mimi napenda mbili, ndipo unajaza vile vidole vinne. Saruji moja kwa mchanga tatu, mchanga msafi, na maji kidogo sana. Njooni karibu, nimekuja nayo kwenye karai.

(Hapa nilichota kidogo mkononi, na wale wa mbele wakasogea.)

Nafumba ngumi. Nafumbua. Inabaki na alama za vidole vyangu, haimeguki, na kiganja changu hakijalowa. Ndiyo hiyo. Ikimeguka, ongeza tone. Ikiacha maji kiganjani, umeiharibu, haitashindilika, itatoka pembeni kama uji. Unaisukuma mpaka nyuma kabisa, tabaka kwa tabaka, unaigonga kwa kipande cha mbao ngumu na nyundo mpaka sauti ibadilike. Mwanzo inasema "puf". Ikijaa inasema "ko", kama unagonga jiwe. Nyuma ndiko watu wanakodanganya, kwa sababu hakuonekani. Wanajaza mbele vidole viwili, wanasawazisha kwa mwiko, kazi inapendeza. Mimi nikisimamia naingia mwenyewe chini nikiwa na waya mrefu, nauchomeka. Ukipenya, toa yote.

Uzito wote wa nyumba unapita katika tabaka hilo. Unaweza kuwa na mhandisi mzuri, zege zuri, nondo nzuri, na ukashindwa kwa vidole vinne hivi.

Mniwie radhi niende mbali kidogo, Uingereza. Katika mji wa Winchester kuna kanisa kuu lililoanza kujengwa mwaka 1079. Upande wake wa mashariki, ulioongezwa karne ya 13, uliwekwa juu ya magogo yaliyolazwa kwenye ardhi oevu, udongo mweusi wa majani yaliyooza. Mwanzoni mwa karne ya 20 kuta zilikuwa zimeinama na kupasuka, mawe yanadondoka. Mhandisi Francis Fox akasema msingi ushushwe mpaka kwenye changarawe iliyoko chini. Walipochimba, mashimo yakajaa maji. Pampu ingekausha, lakini pampu inapovuta maji kwa nguvu huvuta na udongo uliomo, na kanisa lingekwenda nao. Wakamleta mpiga mbizi, William Walker. Kuanzia 1906 hadi 1911 alishuka kwenye mashimo yale akiwa na mavazi mazito ya kuzamia na kofia ya chuma, maji yenye kina cha kufika mita 6, meusi kiasi kwamba taa haikusaidia. Alifanya kazi kwa kupapasa. Alilaza mifuko ya zege chini, zaidi ya 25,000, mpaka maji yakazuiwa kutoka chini, ndipo pampu ikawashwa na waashi wakashuka kujenga kwa kawaida. Vilitumika matofali yapatayo 900,000. Kanisa bado linasimama. Walker mwenyewe alifariki mwaka 1918 kwa homa kubwa ya mafua iliyoikumba dunia.

Mwaka huohuo wa 1911 alipomaliza, reli kutoka Tanga ilifika hapa Moshi. Nikiwaza babu zetu wakitazama gari moshi linaingia, nawaza na mtu mmoja gizani chini ya maji, anapapasa mfuko wa zege usikae upande. Hakuna aliyekuwa anamwona. Kipande kwa kipande, miaka mitano.

Habari ya pampu ichukueni kama ilivyo. Kule Njoro na sehemu zote za chini ambako maji yako karibu, shimo likijaa usikodi pampu ukavuta usiku kucha. Tazama maji yanayotoka: kama ni machafu, yana mchanga, unavuta ardhi ya chini ya nyumba yako na ya jirani. Zima, muite mhandisi.

Na mnara wa Pisa, Italia, kwa kifupi tu. Mwaka 1838 mbunifu mmoja alichimba njia kuzunguka kitako chake ili watu waone sehemu iliyozama. Mnara ukazidi kuinama. Ulipofungwa mwaka 1990 kwa hofu ya kuanguka, waliouokoa hawakuongeza zege upande ulioinama. Walitoa udongo kidogo kidogo kwa mirija upande wa pili, ule wa juu, mnara ukarudi kidogo, ukafunguliwa tena 2001. Zipo njia nyingine pia: nguzo nyembamba zinazotobolewa kupita kwenye msingi mpaka chini, njia iliyoanzia Italia mwaka 1952, na kusukuma uji wa saruji ardhini kwa mashine. Zinafaa pale ambapo udongo mzuri uko mbali sana. Zinahitaji mitambo na wataalamu, sitazieleza leo.

Niseme kilichotokea Arusha, kisha nimalize. Nilikuwa kibarua kwenye kazi ya mtu mwingine. Mwenye jengo alikuwa na haraka, wapangaji wanasubiri. Fundi mkuu alikuwa amepatana kwa kazi nzima, kwa hiyo kila siku iliyopita ilikuwa inakula faida yake. Akasema vipande vya mita moja vinachelewesha, tufungue mita 3 kwa pamoja, tumwage mara moja. Hakuna aliyebisha. Mimi sikubisha. Tulichimba tangu saa moja asubuhi. Saa saba tukaitwa kula, makande, kwa mama ntilie ng'ambo ya barabara. Nilikuwa sijamaliza sahani nikasikia kishindo, si kikubwa, kama gunia limetupwa. Tuliporudi ukuta ulikuwa umeshuka na kulala ndani ya shimo. Karai langu nililiacha mle chini. Tulilitoa siku ya pili limebanwa likawa bapa kama sinia. Tulikuwa watu wanne tuliokuwa mle shimoni dakika chache kabla.

Kwa hiyo mama zangu na baba zangu wenye nyumba, nawaomba hili kwa moyo wote: fundi wa msingi mlipeni kwa siku. Kazi nyingine patana unavyotaka, lipu, rangi, vigae. Hii hapana. Ukimpatania kwa kazi nzima umemwambia akimbie, na mahali pa kukimbilia ni palepale pasipoonekana. Mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mwombe namba yake ya usajili bila aibu, mwambie achore mpangilio wa vipande na aandike siku za kungoja. Halmashauri nayo ijue; kuchimba chini ya nyumba ni ujenzi. Na jirani mwambie kabla hujaanza, maana ukuta wake unaweza kuwa unaegemea udongo huohuo.

Mmoja ameuliza kama nyumba ya yule mama wa Msaranga ilipona. Tulitengeneza ile kona na mita 6 za ukuta kila upande, siku 26. Mlango wa jikoni seremala aliurekebisha mara moja tu. Ufa niliuziba mwaka mmoja baadaye, baada ya masika moja kamili kupita na mstari wa penseli ukabaki pale ulipo. Sikumtoza. Mama alinikataza kuupaka rangi mstari wenyewe. Uko nyuma ya kabati la vyombo, na tarehe yake.

Keshokutwa, Jumamosi, kuna kazi tunaifanya hapa hapa mjini, na mwenye nyumba amekubali watu waje watazame. Namba 1 na 2 zimeshamwagwa zege, tunafungua namba 3 saa mbili asubuhi, na kushindilia kwa zile tulizomwaga juzi kutaanza saa nne. Vijana watakaotaka kugonga wenyewe nitawapa nyundo. Njooni na viatu vinavyofunika vidole, na kila mmoja aje na penseli.